Neno la Kusimama Kidogo

Katika shule yetu ya misheni, mwalimu alitufundisha Kiingereza kwa miguu. Tulipiga gwaride kiwanjani, na akisema "halt", aliyetikisika alichapwa miguuni mpaka damu. Nilikuwa msichana mwenye kiburi, na nilichapwa kuliko wote.

Baada ya fimbo alieleza. Neno hilo, alisema, Waingereza hawakulizaa. Lilitoka kwa Wajerumani, na kwao maana yake ni shika, simama. Askari wakalipokezana jeshi kwa jeshi, likapita kwa Wafaransa, ndipo likafika Uingereza. "Na si kumaliza," alituonya. "Ni kusimama kidogo, ukingoja amri ya kuendelea." Hayo ya mwisho sikuyatia maanani.

Nililoshika ni Wajerumani. Baba yangu alikuwa askari wao kule Bukoba kabla ya kurudi Songambele kulima kahawa, na mgongo wake ulijaa makovu ya kiboko. Kisasi cha makovu yale alimlipizia mama.

Siku moja mchana mama alikata mkungu wa ndizi za pombe akatupikia, maana za chakula zilikuwa zimekwisha. Baba akayakuta maganda. Akachukua mchi, si fimbo. Pigo la kwanza lilimwangusha mama, damu ikamtoka sikioni. La pili lingemuua; nililijua hilo kama nilivyojua jina langu.

"Halt!" nilipiga kelele.

Baba alisimama wima. Visigino pamoja, kidevu juu, mchi hewani. Mama akatambaa hadi mlangoni, akainuka, akakimbilia kwao Kimuli. Mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Nilifurahi mno.

"Hilo neno umelitoa wapi?" baba aliuliza, bado hajageuka.

"Shuleni, tata."

Ndipo akageuka. Alinivunja mkono wa kushoto.

Mama alikuwa amenoba, ndivyo tunavyosema mke anapomkimbia mume kurudi kwa wazazi. Desturi ilimtaka baba apeleke pombe ya kumwomba radhi. Alipeleka vibuyu vitatu, mama akavikataa vyote mbele ya kaka zake, nao wakamuunga mkono. Lakini watoto ni wa baba, na habari za mkono wangu zilimfikia mama.

Alirudi mwenyewe, kwa miguu, kuja kuniuguza. Baba akampokea vizuri, akaita majirani wakanywa. Wiki haikwisha, akaushika tena ule mchi, akaendelea alipoachia. Mama tulimzika migombani.