Vipele vya Zenon na Muuza Chai wa Laela

Zenon wa kijiji cha Mollo, fundi wa mashine ya kupukuchulia mahindi, ni mtu asiyependa maneno. Trekta likizima katikati ya shamba la mtu, anapiga magoti, anachungulia, anafungua, anafunga, linawaka. Hata asante haisubiri. Sasa mtu wa namna hiyo akitokwa na vipele sehemu za siri, atamwambia nani?

Aliviona akioga, siku aliyorudi kutoka kazini Laela. Vilikuwa vidogo, vyeupe kama chenga za mchele, vimetawanyika kwenye ngozi ya uume. Haviumi, haviwashi. Kwanza akasingizia vumbi la mahindi, maana vumbi lile huingia kila mahali. Akajisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikawaka moto, vipele vikabaki palepale. Basi akaamini ameleta ugonjwa nyumbani. Ugonjwa upi, na kautoa wapi, wakati hajawahi kutoka nje ya ndoa? Hilo wala hakujiuliza. Akahamishia godoro stoo, akamwambia mkewe, Mary, kwamba wezi wa mahindi wamezidi.

Sikia sasa alichofanya. Sunzua ikimwota mtu kidoleni, watu wa matrekta huichoma kwa maji ya betri. Unachovya njiti ya kiberiti, unaigusa, inakauka na kudondoka. Zenon mwenyewe alikwisha kuwachomea wenzake vidole, na walimshukuru. Kwa hiyo akafunga mlango wa stoo, akachovya njiti. Jamani, asidi ya betri na ngozi ile. Aling'ata gunia asipige kelele. Vipele viwili vitatu viliungua kweli, pakabaki kidonda kinachotoa maji, na vingine vyote viko vilevile.

Tangu hapo akafa ganzi. Si mwilini, mwilini alikuwa anaumia kila akikaa kwenye kiti cha trekta. Ni moyo uliokufa ganzi. Anakula, hajui amekula nini. Watoto wanamsalimu, anaitikia baadaye.

Mary akamwita kaka yake, Obed. Kwa watu wa huku, mume akihama kitanda bila sababu, ndugu wa mke huja kuuliza, na wasipopata jibu huondoka na dada yao. Obed akakaa, akaweka kofia gotini.

"Shemeji, dada yangu amekukosea?"

"Hajanikosea."

"Basi sema kilichokutoa kitandani. Usiposema, leo naondoka naye."

Zenon akapiga hesabu zake kichwani. Mtu wa magonjwa ya sehemu za siri hajawahi kumsikia akisamehewa. Mtu wa mwanamke wa pembeni, wapo kibao waliosamehewa, na Obed mwenyewe ni mmoja wao.

"Nilipata mwanamke Laela," akasema. "Anauza chai pale yanaposimama mabasi."

Mwanamume mzima anakiri kosa ambalo hata harufu yake hajaisikia! Obed akashusha pumzi, maana hilo alilijua namna ya kulimaliza. Zenon aliambiwa aombe msamaha, akaomba. Mary aliulizwa, akasema amesamehe. Machozi yalikuwa yanamshuka, na Zenon aliyaona, akajua yanapaswa kumuumiza. Hayakumuumiza.

Lakini godoro likabaki stoo, maana arudije na kidonda ambacho kiti cha trekta kilikitonesha kila kikitaka kupona? Mvua zikaanza. Asubuhi moja akakuta nguo za Mary zimekunjwa ndani ya mfuko wa salfeti.

"Nimekusamehe, hujarudi," Mary akasema. "Jumapili Obed anakuja kunichukua."

Hapo ndipo akapanda bodaboda hadi zahanati moja mjini, upande asiko na ndugu. Daktari alikuwa binti wa Mbeya, anaitwa Suma. Alimwamkia shikamoo, akamwomba avue, akavaa glavu. Zenon akakodolea macho ukuta.

"Hivi vyeupe si ugonjwa, baba," Suma akasema. "Ni vitezi vya mafuta vya ngozi yenyewe. Wanaume wengi wanavyo. Haviambukizi, havihitaji dawa. Masundosundo, yaani sunzua za huko, yangekuwa yamechomoza na kukwaruza, na malengelenge yangekuuma. Damu tutapima tu, tuwe na uhakika. Ila hiki kidonda, uliweka nini?"

"Maji ya betri."

Suma hakucheka. Alikisafisha kwa utaratibu, akampa dawa ya kupaka, akamwambia asikutane na mkewe mpaka kipone. "Na ukiona kitu usichokielewa huko, njoo tukiangalie. Usichome." Majibu ya damu yalitoka safi, kaswende hakuna, virusi hakuna. Zenon alidhani atafurahi. Alisema "haya" tu, akaondoka.

Nyumbani alimkuta Mary anachambua maharage. Akamweleza yote, kuanzia vipele mpaka njiti ya kiberiti, na hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyowahi kumwambia tangu amwoe.

"Kwa hiyo muuza chai hayupo?" Mary akauliza.

"Hayupo."

Mary akasukuma ungo pembeni. "Nilipokwenda msibani Tunduma, basi lilisimama Laela. Nikawaangalia wauza chai wote, nikachagua mmoja, wa khanga ya njano. Akaniita dada, akanipa kikombe. Nikammwagia ile chai miguuni, mbele ya abiria wote. Nikamwita malaya. Aliinama, akaokota kikombe chake."

Zenon akakaa chini. Ganzi yote ya miezi ile ilimtoka kwa mpigo, na aliona aibu mpaka masikio yakamuuma.

"Nitamwambia Obed asije," Mary akasema. "Jumapili tunapanda basi mimi na wewe, tunakwenda kwa yule mama."

"Ukamwambie nini?"

"Mimi sisemi. Utasema wewe."