Bibi Harusi Aliyeruka Alikuwa na Masharubu

Jumanne tumemzika Usagara mtu ambaye wengi wenu mmemwona na hakuna hata mmoja anayemjua. Kama una umri wa kuikumbuka ile filamu iliyopigwa kwenye ufukwe wetu huu wa Mwanza zaidi ya miaka ishirini iliyopita, ile ya bibi harusi anayewakimbia mashemeji hadi juu ya jiwe kisha akarukia ziwani na shela lake, basi umemwona. Aliyeruka hakuwa yule dada mrembo wa kwenye kava. Dada hajui kuogelea, na siku hiyo alisikia habari za mamba, akakaa ndani ya gari akagoma kushuka. Aliyeruka ni fundi seremala wa Buhongwa, Mjita mwenye masharubu, aliyekuwa ameitwa pale kugonga misumari ya jukwaa la kamera. Wakamvika gauni, wakambandika wigi, wakamwambia afiche uso. Akaruka mara tatu mpaka mwongozaji akaridhika. Huyo ndiye tuliyemzika. Presha ilimwangusha karakanani kwake, randa mkononi.

Mimi mnanijua. Niliishia darasa la saba, nikaanza na meza moja stendi ya Buzuruga nikiuza kanda, na leo nina maduka matatu ya filamu na vyombo vya muziki, na mhariri aliyesoma mpaka chuo kikuu ndiye anayenipigia simu kuniuliza safu hii ya gazeti iko wapi. Sijisifu. Nataka mjue kwamba nikizungumzia filamu sizungumzii kitu cha kusimuliwa. Sasa, mwaka jana kampuni moja ya Dar ilitoa upya filamu ile. Boksi la kung'aa, diski mbili, picha imesafishwa. Nyuma ya boksi wakaandika kwa herufi nene: nyuma ya kamera, vipande vilivyokatwa, makosa ya kuchekesha. Mashabiki wakajaa dukani kwangu. Wale watu hawakufuata filamu. Filamu wanayo kwenye simu zao. Mtu anayenunua kwa mara ya tatu kitu anachokijua kwa moyo anataka aonyeshwe jikoni: nani alikosea maneno akacheka, nani alibeba taa kichwani, ile mvua ilikuwa ya Mungu au ya ndoo. Shabiki ni mpenzi, na mpenzi anataka kujua yote. Ukimwahidi halafu ukamnyima, umemtukana.

Fundi naye alikuja, shati limejaa vumbi la mbao.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, tajiri. Hilo boksi lina ile ya nyuma ya kamera?"

"Si hiyo hapo imeandikwa."

"Miwani nimeiacha. Nisomee."

Nikamsomea kwa sauti kama mwinjilisti. Akanitaka nirudie. Nikarudia. Akapiga kaunta kwa kiganja. "Sasa mama watoto atanyamaza! Miaka yote hii naitwa mwongo ndani ya nyumba niliyoijenga mwenyewe. Jumapili baada ya ibada uje. Usikose, wewe ndiye shahidi wangu."

Nikaenda. Mke wake alikuwa amepika sato, sebule imejaa majirani, binti zake wawili na mkwe wake mmoja. Filamu ikaenda, bibi harusi akaruka, fundi akasimama mbele ya televisheni: "Huyo! Mgongo huo ni wangu!" Watu wakacheka, naye akacheka nao, kwa sababu alijua diski ya pili inakuja. Ikawekwa. Yakaja matangazo ya filamu nyingine mbili za kampuni ileile. Ukaja wimbo. Kisha akaja mkubwa wa kampuni amekaa nyuma ya meza, akajishukuru mwenyewe wee, mpaka samaki wakapoa. Basi. Skrini ikawa nyeusi.

"Haya, bibi harusi," mke wake akasema, "shela liko wapi?"

Nyumba ikapasuka kwa kicheko. Na yule mkwe, kijana wa mjini, akainama mbele ya fundi akasema, "Shikamoo, mama mkwe." Wasomaji wangu, huku kwetu mkwe hamtanii mkwe. Unampisha njia, unainamisha macho, hata jina lake hulitaji. Yule kijana alisahau mwiko wa wazee wake kwa sababu ya boksi la uongo, na binti mtu, mke wake, naye akacheka mpaka akajifuta machozi. Fundi hakumkaripia. Alinigeukia mimi. "Tajiri, wewe ndiye mtu wa filamu hapa. Waambie."

Kesho yake niliwapigia simu wale wa kampuni. Akapokea mtu mwenye sauti ya kiyoyozi. Nikamuuliza kanda za nyuma ya kamera ziko wapi. "Mzee, zile zilishafutwa zamani, zikarekodiwa vitu vingine juu yake." Zilirekodiwa nini? "Harusi, kipaimara, vitu kama hivyo. Kanda zilikuwa ghali." Kweli, ndivyo tulivyofanya kazi enzi zile, filamu ikishauzwa, kanda mbichi zinakwenda kwenye sherehe za watu. Nikamuuliza: kwa hiyo mliandika kwenye boksi mkijua hakuna kitu? Akacheka, mjinga yule. "Mzee, hayo ni maneno ya kava tu. Maboksi yote ya nje yanaandikwa hivyo." Maneno ya kava! Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hawa wamekitembeza kibaya chao mpaka sebuleni kwa mtu mzima wakamvunjia heshima mbele ya wakwe. Nilimtukana kwa Kisukuma na Kiswahili mpaka salio likaisha. Nikaondoa maboksi yao kwenye maduka yangu yote matatu, na sitayarudisha hata wakija kupiga magoti.

Ningependa kuishia hapo, kwa sababu hapo mimi ni mshindi. Lakini hasira niliyokuja nayo kutoka makaburini si ya kampuni peke yake. Ile filamu ilipotoka mara ya kwanza, mwishoni kabisa mwa diski ya pili kulikuwa na kipande. Nilikiona kwa macho yangu. Fundi anaibuka majini, masharubu yanachuruzika, wigi linaelea pembeni kama bata, naye analifukuza akiogelea huku gauni linamvuta chini, na watu wote ufukweni wameshika mbavu. Diski halisi zilizofika huku zilikuwa chache mno. Mwanza na Mara waliangalia nakala zetu, sisi vijana wa Buzuruga, tuliokuwa tunabana filamu kumi kwenye diski moja. Ili zienee, tulikuwa tunakata mikia. "Nani anaangalia mkia?" nilikuwa nasema. Ule mkia niliukata mimi. Kwa biashara ile nilijenga duka la kwanza.

Kwa hiyo fundi aliponiambia "waambie", nilikuwa na la kuwaambia. Lakini ningesema nimeona, wangeniuliza umeona wapi, na hicho kipande kilikwenda wapi, mbele ya majirani wanaoniita mheshimiwa. Nikasema, "Kaka, wametudanganya wote." Nikamaliza samaki wangu nikaaga.

Msibani, binti mkubwa, ambaye ni mwalimu, alisoma wasifu wa marehemu. Kuzaliwa Majita, ndoa, kwaya, madawati aliyochonga kwa shule ya kata. Filamu haikutajwa. Nilimwuliza kabla, akaniambia kwa adabu, "Baba mdogo, wasifu ni mambo ya kweli." Mwinjilisti alipouliza kama kuna mwenye neno, nilisimama nikasema yote, hadi habari ya kukata. Yule mkwe akainamisha macho, safari hii kwa haki. Mjane ndiye aliyenijibu, kanga mdomoni.

"Shemeji, ulikuwa umekaa kwenye kochi lake. Umekula chakula chake. Alikuomba."

Nikakaa chini. Binti akaomba kalamu, akauandikia wasifu mstari mmoja pembeni, akausoma kwa sauti, na baba yake alikuwa ndani ya jeneza lililofungwa.

Basi wenye kampuni, andikeni kavani kile kilichomo ndani, maana kuna mtu ameitia heshima yake humo. Na wewe uliyemwona mwenzako akifanya kazi ambayo jina lake halikuandikwa, nenda kaseme leo, kwa wanawe na kwa wakwe zake, hata kama kusema kutakuumbua. Mimi nimesema Jumanne, na nilichelewa.