Linki za Jumuiya

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani nawaambia natengeneza tovuti. Wanatikisa kichwa kwa heshima, halafu wananiletea simu iliyogoma kuwaka. Nimezoea. Hapa Songea mjini nimewatengenezea wenye nyumba za wageni, wenye maduka ya dawa za mifugo, hata fundi makochi mmoja wa Mfaranyaki. Lakini tovuti niliyoihangaikia kuliko zote haikuwa ya mteja. Ilikuwa ya mama yangu, na mgeni aliyemngoja humo alikuwa mmoja tu: mdogo wangu wa kiume.

Mdogo wangu alivuka kwenda Msumbiji kutafuta maisha, akateremka kusini zaidi, kisha simu yake ikafa. Ikafa kabisa. Mara ya mwisho tulipoongea aliniambia kitu nikamcheka: "Dada, nikikumbuka nyumbani naandika 'Matarawe Songea' kwenye simu, naangalia kinachokuja. Vinakuja viwanja vinauzwa tu." Namba yake mpya sikuijua, mji aliopo sikuujua, ila nilijua maneno atakayoyaandika siku upweke ukimzidi.

Basi nikatengeneza ukurasa. Picha ya nyumba yetu, vilima vya Matogoro kwa nyuma, mama kavaa sweta lake la kijani, na chini maneno aliyoyasema mwenyewe: "Baba, rudi. Hatuna hasira na wewe. Nipo." Na namba yangu ya simu.

Nilidhani imetosha. Thubutu! Ukiandika Matarawe Songea viwanja viko mbele, na sisi huko nyuma kabisa ambako hakuna mtu anafika. Mtambo wa kutafutia hautazami tu umeandika nini, unatazama nani anakutaja. Tovuti inayoaminika ikiweka linki ya kuja kwako, ni sawa na mtu mzima anayeheshimika mtaani kusema, "Huyo namfahamu, nendeni kwake." Mmoja wa namna hiyo ana uzito kuliko kundi zima la wapita njia.

Nikaanza kubisha hodi. Barua pepe huku kwetu hazifiki mbali. Mtu humwombi jambo hujamwona uso. Nikaenda Peramiho kwa mwalimu mstaafu anayeandika blogu ya historia ya Wangoni. Shikamoo, marahaba, habari za mama, habari za mahindi, ugali ukaja, tukala, ndipo nikasema shida yangu. Akausoma ukurasa, akavua miwani akaifuta. Kesho yake alikuwa ameandika makala nzima kuhusu vijana wetu wanaovuka mto Ruvuma, na ndani yake linki yetu. Nikaenda Mbinga kwa mama mmoja mwenye tovuti ya kahawa, naye akatuweka. Nikaenda shule aliyosoma mdogo wangu, wakatuweka kwenye ukurasa wa waliosoma pale. Taratibu tukaanza kupanda. "Tumefika wapi?" mama aliuliza kila jioni, utadhani tuko kwenye basi. Asubuhi moja nikaandika Matarawe Songea, uso wake ukatokea juu kabisa. Mama alipiga kigelegele peke yake jikoni, mpaka jirani akachungulia.

Akafurahi mno, akasimulia jumuiyani.

Jumuiya yetu ni familia chache za Kikatoliki tunaosali pamoja, nyumba kwa nyumba. Ukifiwa hawakuulizi unahitaji nini. Wanakuja na unga, kuni, na ndoo za maji kichwani. Mwenyekiti wetu, mama mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akasimama: "Kumbe mtoto anatafutwa kwa linki? Na sisi tumekaa tu? Kila kaya ilete linki!" Na kweli wakazileta. Mimi walinificha, eti wanishtukize kwa furaha. Vijana wa kwaya wakabandika linki yetu kila mahali palipokubali: tovuti za kubeti, za vipuri vya magari, za dawa za nguvu za kiume, za lugha ambazo hakuna hata mmoja wao aliyezijua. Mtambo ukaliona lundo lile la ghafla, ukatuhesabu matapeli. Ukurasa ukazama, hata ukiandika jina zima la mama hautokei.

Nilipojua nilichemka. Niliingia ndani nikifoka, nikawaita wapumbavu wote, kuanzia mwenyekiti. Mama alikuwa kwenye mkeka anapukuchua mahindi.

"We! Ishia hapo hapo. Watu wamekuletea walichonacho."

"Mama, wamemfungia mwanao mlango!"

Akaendelea kupukuchua. "Basi ufungue. Ila wao usiwaambie."

Nikaanza kufungua. Niliwaandikia wenye tovuti zile watoe linki zetu, wengi hawakujibu. Zilizobaki nikazikana moja moja kwa wenye mtambo, kwamba si sisi tuliozitaka, bila kujua kama huko kuna anayesoma. Masika yakaisha. Mama akaanza kukohoa, akalazwa, akarudi, akalazwa tena. "Tumefika wapi?" Nikamwambia tunakaribia. Alifariki wakati wa baridi, ukurasa haujaonekana bado.

Sikuwa na moyo wa kuufuta, wala wa kuutazama. Kumbe linki ya mwalimu, ya kahawa na ya shule zilikuwa zikitunyanyua tena polepole. Siku ya maandalizi ya arobaini, akina mama wa jumuiya wako uani wanapepeta mchele, simu yangu ikaita. Namba ya nje.

"Dada?"

Nilikaa chini palepale, kwenye vumbi.

"Nimeuona ukurasa leo. Mbona masika nilitafuta sana sikuona kitu? Nilikuwa nimeshafunga mizigo, dada. Nikasema nikiona hata picha ya nyumba tu, najua bado wananitaka, narudi. Vikaja viwanja. Nikafungua mizigo." Akacheka, kicheko cha aibu. "Haya, nipe mama."

Nilimwambia. Sauti niliyoisikia baada ya hapo siiandiki. Kabla ya kukata alisema anakuja.

Mwenyekiti alinikuta bado nimeishika simu. "Nani huyo?" Nikamjibu ni mdogo wangu, ameuona ukurasa, yuko hai, anakuja nyumbani. Akauachia ungo ukaanguka. Akapiga kigelegele, wenzake wakamwitikia uani kote, akanishika mabega, machozi yanamtiririka.

"Linki zetu hizo! Si nilisema? Linki zetu zimemleta mtoto!"

Mimi siachi neno la mtu bila kulijibu, mtaa mzima unanijua kwa mdomo wangu. Niliutazama mchele wa mama yangu uliomwagika chini, nikamtazama na yeye.

"Ni zenu, mama," nikamwambia. "Ni zenu kabisa."