Nilivyojifunza Solo kwa Betri Zilizokufa

Mke wangu ndiye aliyegundua kwamba mwimbaji ni mwanamke. Mimi nilikuwa nimekaa na kaseti ile karibu mwezi mzima, nikiamini kwa moyo wote kwamba anayeimba ni mzee fulani mwenye kifua kizito na huzuni nyingi. Nilimhurumia hata. Nikawa nawaambia wateja wangu pale Mabatini, Mwanza, nilikokuwa naishi na kuuza viatu vya mtumba, kwamba ukitaka kumsikia mtu aliyeumizwa na mapenzi, msikilize yule mzee. Kumbe dada wa watu anaimba kwa furaha zake, ni betri zangu tu zilizokuwa zinakata roho.

Lakini nimekimbia, na kukimbia ndio ugonjwa wangu. Nianze na cheo.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mimi nilikuwa mpiga gitaa la solo katika bendi ya dansi. Nasema hivyo kama mtu mwingine anavyosema alikuwa mkuu wa wilaya. Bendi yetu ilikuwa mali ya shirika la umma, na shirika lilipouzwa, kiongozi wetu, mzee wa Kisukuma mwenye sauti ndogo na macho makali, alipewa vyombo vya muziki badala ya kiinua mgongo. Wenzake wakaenda kujenga Buhongwa, yeye akarudi kwake na magitaa matatu, la solo, la ridhimu na la besi, seti ya ngoma na spika lililochanika. Akatukusanya, akapata baa moja njia ya Nyegezi, na kila Jumapili mchana tukawa tunapiga dansi pale. Zilikuwa zama za ruksa, kila mtu anafungua chake, na baa zilikuwa zinaota kila kona.

Mtaani hakuna aliyeniita jina langu. Muuza nyama akiniona kwa mbali anaita, "Solo! Leo maini yapo." Hata mwenye nyumba wangu, alipokuja kunifokea kwa sababu ya choo, alimfokea Solo. Nilikuwa nimepunguzwa kazi kiwandani mwaka uliotangulia, na nakwambia ukweli, kama si jina hilo sijui ningetembeaje barabarani. Wauza viatu vya mtumba wapo wengi. Solo alikuwa mmoja.

Sasa, aliyewahi kucheza dansi anajua wimbo una sehemu mbili. Kwanza mashairi, polepole, watu wanashikana viuno na kunong'onezana uongo. Halafu linakuja chemko: waimbaji wananyamaza, magitaa yanashika, na hapo ndipo mpiga solo anapolipwa chakula chake au anapoumbuka. Mimi chemko nililielewa kuwa ni mashindano ya mbio. Nilimwaga noti zote nilizokuwa nazo, za kwangu na za kuazima, kisha nikatazama juu nikiwa nimefumba jicho moja. Kwa nini jicho moja, sijui. Nilikuwa nimeona picha.

Basi ukaingia wimbo mmoja uliokuwa unatamba mjini, na kiongozi akasema tuupige. Nikanunua kaseti, nikakaa nayo nyumbani. Nyumba tuliyopanga haikuwa na umeme, kwa hiyo radio kaseti yetu ilikula betri, na betri tulizitunza kama kila mtu alivyozitunza: zikichoka unazianika. Nyuma ya nyumba palikuwa na jiwe kubwa bapa, mke wangu anaanika dagaa upande huu, mimi naanika betri upande ule. Zikipata jua zinafufuka kidogo, unasikiliza, zinazimia, unazirudisha juani. Kila siku zikawa zinafufuka nusu ya jana.

Na mimi kila siku nikawa najiona naendelea! Solo iliyonisumbua wiki ya kwanza, wiki ya pili naiweza. Wiki ya tatu naipiga huku napiga miayo. Ilinibidi kulegeza nyuzi za gitaa langu kavu, lisilotumia umeme, mara kwa mara ili ziafikiane na kaseti, nikasema moyoni, aha, wakubwa hawa wana siri zao, wanapiga chini chini. Sikujiuliza chochote. Nilivimba kichwa hadi kofia ikagoma.

Jumapili ikafika. Tukapiga mashairi vizuri, chemko likaja, na Mungu wangu, sijui niseme nini. Ngoma ziliondoka kama zimeibiwa. Vidole vyangu vilijua njia yote, kila kona, lakini vilijua njia ya mtu anayetembea kwa mkongojo. Nikashika noti ya tatu wakati wenzangu wako ya tisa. Nikaruka kuwafikia, nikaanguka, nikaamka, nikamwaga kila kitu kilichokuwa mfukoni. Nikamgeukia mpiga ngoma nikamfokea, "We, umekula mirungi?" Akaniangalia kwa huruma. Huruma ile inaniuma mpaka leo.

Tulipopumzika kiongozi akaniita pembeni. Nikamwamkia upya, "Shikamoo mzee," ingawa tulikuwa tumeamkiana asubuhi. Woga huo.

"Marahaba. Wewe ukipiga chemko unatazama wapi?"

Nikasema natazama nyuzi, mzee, au juu.

"Tazama viti," akasema. "Chemko likianza, watu wanatakiwa watoke vitini. Wewe ukianza, wanarudi. Si leo tu. Leo wamerudi wengi, basi."

Kisha akaniambia, kwa sauti yake ile ndogo, kwamba kuna kijana wa upande wa Mara, alikuwa anapiga gitaa kwenye kwaya huko pwani ya ziwa, amehamia mjini anafanya kazi kiwanda cha sangara. Baada ya mwezi mmoja atakuja Jumapili. Nitapiga mimi, atapiga yeye, wimbo huohuo. Kiti cha solo kitapata mwenyewe.

Nilirudi nyumbani nimefura. Nikamsimulia mke wangu jinsi mpiga ngoma alivyoniharibia. Mke wangu ni Mjita, na hana tabia ya kukubali jambo kwa sababu tu mumewe amelisema. Alikuwa na betri mpya alizonunua kwa ajili ya tochi. Akazitoa kwenye tochi, akazitia kwenye radio, akabonyeza.

Loo! Akaimba mwanamke. Akaimba haraka, sauti nyembamba, anacheka katikati ya maneno. Kumbe betri zilizochoka huizungusha kaseti polepole, na sauti inakuwa nzito. Mke wangu akanitazama, akatazama radio, akanitazama tena.

"Huyu ndiye mzee wako?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Alicheka akaenda kuwaita majirani. Nilitoka nikasimama nje na mbu, nikawaza kuacha muziki, kuacha Mwanza, hata kuacha ndoa ikibidi. Lakini asubuhi yake muuza nyama akaita, "Solo!" na nikaitika mbio. Mwezi mmoja tu, halafu ataitwa mtu mwingine.

Nikarudi kwa mke wangu nikiwa mdogo kabisa. Nikamwambia, nisaidie. Akasema yeye hajui gitaa. Nikamwambia unajua kucheza. Akafikiri. Akachukua ungo wake wa mchele, akaketi mlangoni.

"Mimi napepeta," akasema. "Wewe piga. Ukinipoteza nitaacha."

Wanaojua kupepeta wanajua mwendo wake: rusha, pokea, tikisa, rusha, pokea, tikisa. Haukimbii na haungoji mtu. Nikaanza, kwa majivuno yangu yaleyale. Akaacha kabla sijafika popote. Nikaanza tena. Akaacha. Nikamwambia, jamani ngoja basi nifike patamu. Akasema, "Hapo patamu ndipo unaponimwagia mchele."

Ikawa hivyo kila jioni. Hakunikubalia kupiga solo nzima. Kipande kimoja, kidogo cha kutia aibu, noti ambazo mtoto angezihesabu kwa mkono mmoja. Nipige, nirudie, nirudie, mpaka ungo uende bila kusimama, ndipo nipate ruhusa ya kipande kinachofuata. Kidole changu cha mwisho, ambacho miaka yote kilikuwa kinakaa juu kama bibi harusi anayeshika kikombe, kikalazimishwa kufanya kazi. Nilichukia. Kuna siku nilimwambia kwa hasira kwamba mimi ni mwanamuziki, si mashine ya kusaga. Akanijibu kwa jina la mtoto wetu, maana ndivyo alivyoniita siku zote, baba wa fulani, "mashine ya kusaga haikosei."

Ile aibu ya betri nikaigeuza mtaji. Kipande kipya nilijifunza na betri mfu kabisa, mwimbaji anakoroma kama mzee wangu wa zamani. Kikikaa mkononi, natia zilizoanikwa, mwendo unapanda kidogo, nakaza nyuzi. Kikikaa tena, ndipo tunazitoa zile za tochi, na jioni hiyo tunakwenda chooni gizani kwa kupapasa. Nyuzi zilikatika, nikafunga waya wa breki ya baiskeli. Ulitoa sauti ya baiskeli, lakini tulisonga.

Kisha mke wangu akaleta balaa jingine: tujirekodi. Radio yetu ilikuwa na kitufe chekundu ambacho sikuwahi kukigusa. Tukatia kaseti tupu, nikapiga kwa ufundi wote, nikiwa nimeridhika, tukarudisha kaseti, tukasikiliza. Nikauliza, nani anagonga masufuria? Nikasikia kikohozi changu mwenyewe humo ndani, nikaelewa. Kila mwisho wa kipande nilikuwa naharakisha kuingia kingine, kama mtu anayeogopa akinyamaza watamnyang'anya zamu. Nilikuwa sisikilizi mtu yeyote. Kule baa mpiga ridhimu anasema jambo lake, besi anasema lake, mimi nawakata kauli wote. Nilijisikia vibaya kweli, si kwa utani. Miaka yote ile watu walikuwa wanasikia hivi?

Baada ya hapo nikaanza kusikia. Sijui nielezeje zaidi ya hapo. Nilikuwa na masikio tangu kuzaliwa, lakini yalikuwa ya kushikia kofia. Sasa nikawa nasikia gitaa la pili kwenye kaseti, la ridhimu, lile la nyuma lisilosifiwa, nasikia mahali linapoacha nafasi, na nafasi ile nikawa naiheshimu. Siku moja ungo ulikwenda kutoka mwanzo wa chemko hadi mwisho. Mke wangu alikuwa amesimama, mchele wote umeshapepetwa, na mabega yake yalikuwa bado yanacheza.

Jumapili ya kushindana baa ilijaa. Mke wangu alikaa karibu, amevaa kitenge kipya. Yule kijana wa Mara alikuja na shati la kupigwa pasi, akainama mbele yangu: "Shikamoo kaka." Tulikuwa tumepishana miaka michache sana! Nikaitika marahaba kwa meno.

Nikapiga mimi kwanza. Na niseme, kwa sababu hakuna mwingine atakayenisemea: nilipiga vizuri. Nilipiga vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Sikufumba jicho. Nilitazama viti, na viti vilikuwa vitupu, watu wote wako katikati wanatoa jasho, na mke wangu yuko kati yao. Nilipomaliza wakapiga kelele, muuza nyama akapanda juu ya meza. Nikajua kiti ni changu.

Akapanda kijana. Kiongozi mwenyewe alishika ridhimu, kwa sababu mpiga ridhimu wetu alikuwa ametukimbia kwenda kuchimba dhahabu Geita. Chemko likaanza na kijana hakupiga kitu. Alingoja. Akatia noti mbili, akangoja tena, akamwachia besi aseme, akamjibu. Watu walicheza, lakini si zaidi ya walivyocheza kwangu, na waliopiga kelele mwishoni labda walikuwa wachache, maana hakuna aliyemjua. Mwezi mmoja nyuma ningesema huyu hajui, hana vidole. Sasa nilisikia. Kila kitu nilichokipata kwa jasho na kwa ungo, yeye alikuwa anakitembea kama uani kwao, na alikuwa anaona mbele zaidi, mahali ambapo mimi hata kwa miaka kumi nisingefika. Nilisikia wazi kabisa, noti kwa noti, na nilitamani masikio yangu yarudi yalivyokuwa.

Kwenye bendi yetu kiongozi hakuwa anamng'oa mtu kitini. Alimuuliza mwenye kiti. Akanigeukia, watu wananitazama, muuza nyama bado yuko mezani. "Unasemaje?"

Nikasema, "Mwachie."

Kiongozi akavua lile gitaa la ridhimu shingoni, akanivisha mimi, tukaendelea na dansi mpaka jioni.

Kurudi Mabatini mke wangu alitangulia mbele, kitenge kinapiga kelele kwa hasira. Tulipofika kwenye mteremko akasimama.

"Walikupigia kelele wewe. Ungesema kiti ni chako, nani angekubishia?"

"Hakuna."

"Basi kwa nini?"

Nikamwambia nimemsikia. Nikamwambia amenizidi, na amenizidi sana, na nililia pale njiani, mtu mzima, na gitaa la watu begani. Aliniacha nikalia. Kisha akanifuta uso kwa ncha ya kitenge chake kipya, akasema kesho jioni tutaanza na ridhimu, na nisithubutu kumkimbiza.