Kiti Kinacholia

Mke wangu alifundisha somo la dini miaka thelathini na mmoja, sekondari ya kanisa, darasa la mwisho kulia ukipanda ngazi. Mimi ni seremala. Shule sikwenda. Herufi alinifundisha yeye, kwenye meza ya jikoni, tulipooana. Kwa hiyo ukikuta kosa humu ni langu, mwandiko ni wake.

Mwaka wake wa kwanza kazini aliniambia, "Fundi wangu, nitengenezee kiti. Kisiwe kizuri sana, watakiogopa."

Nikatengeneza. Akakiweka mbele, kando ya ubao, kikiwatazama wanafunzi. Mwenye swali juu ya Mungu alikaa hapo akaliuliza. Sharti lilikuwa moja: hakuna kumjibu mpaka kwanza ulirudie swali lake kwa maneno yako, naye akubali kwa mdomo wake, "Ndilo." Asipokubali, hujamsikia.

Nilimtania. "Sasa hapo mnasoma au mnapiga soga?"

"Wewe ungekaa ungeuliza nini?"

"Ningeuliza chakula kimeiva?"

Alicheka mpaka akashika mlango.

Mwaka wa pili mguu wa nyuma ulilegea, kiti kikaanza kulia. Nikaenda na nyundo na gundi. Akanizuia. "Kiache. Kikilia, darasa zima linajua kuna mtu ana lake moyoni."

Ametutoka wiki saba sasa. Nyumbani kitanda nilitengeneza mimi, kabati mimi, rafu za vitabu vyake mimi. Lakini hivyo vilikuwa vyetu. Kile kiti kilikuwa chake. Nikakitaka. Nikaenda kukichukua.

"Ni chako, mzee wangu," mkuu wa shule alisema. "Ila kipindi kinaendelea."

Mwalimu mpya, kijana mpole, alinifungulia mlango. Wanafunzi wakasimama.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba, wajukuu. Nimefuata kiti changu."

Nikakishika mgongoni. Zile ngazi zilikuwa zimenimaliza, nikajikuta nimekaa.

Kikalia.

Kalamu zikawekwa chini, zote. Vijana arobaini wakanitazama. Mwalimu alifungua mdomo. Binti wa dawati la mbele akamwinulia kidole: ngoja.

"Jamani, nimekuja kuchukua kiti tu," nikasema.

Wakangoja. Sijapata kungojwa hivyo. Nikasikia sauti yangu inasema, "Alisali kila siku. Mimi nasinzia kanisani. Kwa nini amchukue yeye, aniache mimi?"

Mrefu mmoja wa nyuma akasimama. "Babu anauliza kama Mungu ana haki."

"Hapana, mjukuu."

Mwingine akajaribu. "Babu anauliza kwa nini hakutangulia yeye."

"Umekaribia. Hapana."

Yule binti wa mbele alisimama taratibu. Alinitazama usoni, si kitini. "Babu anauliza, leo akirudi nyumbani, haya aliyoyaona hapa atamsimulia nani."

Nikaitikia kwa kichwa. Akabaki amesimama. Sharti ni sharti.

"Ndilo," nikasema.

"Mimi jibu sina, babu." Akakaa.

Na wengine wote hawakujibu. Vijana arobaini, wa umri ule wa kujua kila kitu, na hakuna aliyenyoosha mkono. Nimepaua makanisa matatu maishani mwangu, nimetembea juu ya mapaa yake. Sijapata kuingia mahali pakubwa kama lile darasa. Miaka yote ile nilidhani mke wangu anafundisha majibu.

Nilipoinuka kiti kililia tena. Mwalimu akakishika. "Nikubebee mpaka getini, mzee?"

Nikatazama pale kilipokuwa. Sakafu ilikuwa imelika, vishimo vinne vidogo, miguu minne.

"Kirudishe," nikamwambia. "Na fundi yeyote akija na gundi, mfukuze."