Swali la Babu Halipandi

Jamani, nusura mimi nisizaliwe kwa sababu ya sauti tu!

Nipo Kihesa kwa bibi. Leo katusimulia miaka ya hamsini, babu alipotoka Mbeya kuja kumtongoza.

Babu akamwambia, "Unanipenda."
Sauti ikashuka mwishoni, kama anatangaza msiba.

Bibi akawaka: "Nani kakwambia?"

Babu wa watu akaondoka. Kufika njiani akageuka: "Basi la Mbeya linapita huku."
Kisha akasimama, anasubiri jibu.

Ndipo bibi akashtuka. Kumbe huyu anauliza!
Akamkimbilia: "Ndiyo! Yote mawili, ndiyo!"

Sasa hivi babu kanyoosha kikombe. "Chai ipo."
Bibi: "Nani kakwambia?"
Huku anammiminia.

Kwenu nani anaulizaga hivi?