Faili la Kumkomoa Mkuu wa Shule

Loretta Sobczak alikuwa mpishi wa shule yetu hapa Pennsylvania, mpaka siku mkuu wa shule, Bwana Kessler, alipomwita ofisini. Akamwambia kwamba bintiye Tessie, mtoto wa miaka minane, ni mzito wa kichwa na kusoma hatajua. Loretta alivua aproni, akaibwaga mezani kwake.

"Nitamfundisha mwenyewe nyumbani," akasema. "Halafu nitarudi hapa hapa."

Nilifurahi mno. Mimi, Gwen Pritchard, nilifundisha chini ya Kessler miaka kumi na mmoja, kisha akaninyang'anya darasa na kunitupa stoo nipange vitabu mpaka nikastaafu. Simpendi, na sioni haya kusema.

Watu waliguna: mama asiye na cheti ataweza wapi? Aliweza, nimeona kwa macho yangu. Tessie alisoma jikoni, na siku za Alhamisi alisomea katika ukumbi wa chini ya kanisa, kina mama wakibana pierogi, vile vifuko vya unga vya Kipolandi vyenye viazi ndani, za kuuza kesho yake. Hesabu za sehemu alizijulia kwenye donge la unga. Ila kila somo lilikuwa na Kessler ndani yake.

"Soma tena. Unataka Kessler akucheke?"

"Nimechoka, mama."

"Yeye hajachoka kukusema."

Miaka miwili, hakuna mtoto aliyebisha hodi pale kucheza.

Sheria ya kwetu inataka kila mwaka mwalimu mwenye cheti apitie faili la kazi za mtoto, azungumze naye, kisha aandike barua ya kwenda wilayani. Mwalimu huyo nilikuwa mimi. Barua ilitosha, lakini Loretta alitaka faili zima litue mezani kwa Kessler.

"Umelisoma lote, mwalimu?"

"Ukurasa kwa ukurasa. Na wewe?"

"Insha sizigusi, wasije wakasema nimemwandikia. Kuna kitu humo?"

"Mtoto anaandika vizuri," nikajibu. Nilijua kilichokuwemo. Lakini nilitaka kuiona sura ya Kessler akikutana nacho, nikanyamaza.

Tukaenda mwezi wa Juni, sote watatu. Loretta alilipiga faili mezani, vikombe vikaruka.

"Mzito wako huyu. Chagua ukurasa wowote, Tessie, umsomee."

Tessie alifunua moja kwa moja ukurasa alioutaka. Akasoma bila kukwama hata mara moja: "Ninachotaka. Nataka kula chakula cha mchana na watoto wenzangu. Mama anamchukia Bwana Kessler kila siku, hata Jumapili. Nikijua kusoma sana, labda mama ataacha."

Nilimkodolea Kessler macho, nikingoja avunjike. Hakututazama sisi. Alimtazama mtoto.

"Nilikukosea, Tessie," akasema. "Septemba kiti chako kipo, mama yako akikubali."

Tessie alimgeukia mama yake. Loretta alitikisa kichwa kukubali, machozi yakimtiririka, kisha akanigeukia mimi.

"Ukurasa kwa ukurasa, eti?"

Nikachukua mkoba wangu, nikatoka.

Sasa Tessie anakula na wenzake. Loretta akiniona barabarani anavuka upande wa pili. Kessler ndiye anayenisimamisha kila mara, ananishika mkono na kunishukuru kwa kumrudishia yule mtoto, nami namchukia kuliko zamani.